Plasta Iliyopakwa Lami

Harufu ya lami inayochemka ndani ya mkebe hunifanya niinamie mguu wangu wa kushoto. Juzi nilikuwa Sindo nikisubiri boti ya kunivusha nyumbani Mfangano, na kijana mmoja fundi wa mitumbwi akateleka mkebe wake juu ya mawe matatu, akaanza kukoroga. Moshi ule mzito uliponifikia puani, nilishusha macho hadi kiatuni, kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha kwamba pesa zake bado zipo. Mguu ulikuwepo. Ulikuwa umesimama sawasawa ndani ya kiatu cha ngozi ambacho sikupewa na mtu.

Walisema sitatembea. Walisema sitasoma pia, kwa sababu shule yetu ilikuwa juu ya kilima, na mtoto asiyeweza kupanda kilima atasomea wapi? Nyanya mmoja wa jirani alisema nikifika choo cha baba yangu bila fimbo, yeye ataimba kanisani peke yake, na alikuwa na sauti ya bata. Leo mimi ni mwenye diploma ya upimaji wa ardhi. Nimevuta mnyororo wa kupimia kuanzia mipaka ya mashamba ya Oyugis hadi nchi za watu ambako hata jina langu hawakuweza kulitamka, na kazi ile, msomaji wangu, haifanywi kwa gari. Inafanywa kwa miguu. Diploma yenyewe nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuiona. Sisemi kwa majivuno. Na hata nikisema kwa majivuno, nadhani nimeyalipia.

Nilizaliwa kifudifudi, ndiyo maana nikaitwa Ouma, na nilizaliwa na mguu wa kushoto uliogeuka. Wayo wake haukutazama chini. Ulitazama mguu wa kulia, kama mtu anayemnong'oneza jirani. Nilipoanza kutembea nilikanyagia upande wa nje wa mguu, na hapo ngozi ikawa ngumu kama kisigino cha mtu mzima. Watoto wenzangu waliniita Rang'ol, yaani kiwete, na niliitika, kwa sababu ukiitwa kwenda kucheza hujali umeitwa kwa jina gani.

Shuleni nilifika kwa mgongo wa Auma, binti wa baba yangu mkubwa, aliyenizidi miaka miwili tu. Alinibeba kila asubuhi kupanda kilima, daftari zetu zote mbili zikiwa kichwani pake, na njiani kote alinifanya nimtajie hesabu za kuzidisha. Nikikosea, alinitua chini kwenye mawe na kuondoka hatua kumi, halafu akarudi. Hivyo ndivyo nilivyojua hesabu kuliko darasa zima. Nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita Dani, alimtazama siku moja akitokwa jasho, akaniambia, "Ouma, mgongo ni deni. Na mgongo haulipwi kwa samaki wala kwa kuku. Unalipwa kwa mgongo." Nikacheka. Nani angepanda juu yangu?

Miaka ile ya mwanzo wa sitini mvua zilinyesha kama zimetumwa. Ziwa lilipanda. Lilimeza mawe ambayo mitumbwi yetu ilikuwa ikitia nanga, likameza mashamba ya mtama ya watu wa ufukweni, na chini ya maji zikabaki nyua na visiki vya kutoboa mtumbwi. Kwa hiyo vyombo vilisimama mbali, na abiria aliyetaka kufika nchi kavu bila kulowa alibebwa mabegani. Wabebaji walikuwa na mkubwa wao, Obondo, mtu mrefu mwenye mapaja kama nguzo za ghala. Alisimama majini tangu jua linachomoza, na ukimlipa vizuri alikubeba bila kukutikisa. Ukimlipa vibaya, alikohoa katikati ya maji ili roho yako iruke.

Obondo ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. Akiniona ufukweni nimekaa kando ya baba, alipaza sauti, "Fundi! Huyu mtoto wako hana mguu, ana kafi! Mfunge nyuma ya mtumbwi, atakuwa usukani!" Watu walicheka. Baba hakucheka, alikuwa akipiga pamba kwenye nyufa za mtumbwi.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilimjibu Obondo. Nilimwambia, "Nikikua nitabeba watu kama wewe. Na wewe pia nitakubeba."

Alishika kiuno, akatazama maji yaliyokuwa yamekaa juu ya mashamba ya watu. "Sikilizeni! Siku mtoto huyu atanibeba, ziwa litakuwa limerudi kwao!"

Hilo likawa neno la ufukwe mzima. Mtu akikopa na kuchelewa kulipa, aliambiwa atalipa siku ambayo Rang'ol atambeba Obondo.

Habari za daktari zililetwa na mchuuzi wa samaki. Alisema katika hospitali moja ya misheni, kilimani upande wa Migori, kuna mzungu anayenyoosha miguu. Dani alisema mguu si msumari. Mama alilia. Baba aliuliza swali moja tu, "Ananyoosha kwa moto au kwa kisu?" Mchuuzi akasema kwa kisu. Baba akasema, "Basi ni fundi," na wiki hiyo hiyo tukasafiri.

Obondo alinibeba mabegani kutoka ufukweni hadi mtumbwini, na kama kawaida yake alinitania hadi mwisho. "Shika kichwa, si masikio. Masikio nayahitaji, nasikia nayo wateja." Baba alipotoa senti za kumlipa, yeye alikuwa ameshageuka kumwita abiria mwingine. Nilidhani hakuziona.

Daktari alikuwa mtu mkimya mwenye masikio mekundu na Kiswahili cha kusukuma. Aliushika mguu wangu kwa muda mrefu, akaukunja huku na kule, halafu akamweleza baba kwamba nyuma ya kisigino kuna kano nene, na ya kwangu imezaliwa fupi, ndiyo inayovuta kisigino juu na mguu ndani. Angeikata, lakini si kuikata ikatike. Angeikata nusu upande huu na nusu upande ule, kisha azisogeze nusu hizo zipishane na kuzishona, na kano ingekuwa ndefu. Mahali pengine pa ndani angelegeza pia. Baba, ambaye hakujua kusoma, aliitikia kila neno. Kisha akasema kwamba tanga likifungwa kwa kamba fupi, mtumbwi huenda upande, na fundi wa kweli halaumu mtumbwi. Daktari alitafsiriwa maneno hayo na mhudumu wake, Bwana Elisha, akacheka kwa mara ya kwanza.

Bwana Elisha alikuwa mfupi, mnene, Msabato, na mikono yake ilinukia sabuni saa zote. Ndiye aliyenibeba hadi chumba cha upasuaji. Nilimwambia ninaogopa. Akaniambia, "Kijana, hata mimi naogopa, na mimi sikatwi." Nikawekewa kitambaa chenye harufu tamu ya kutapisha puani, nikaambiwa nihesabu. Nilianza kutaja hesabu za kuzidisha za Auma, na nafikiri niliishia saba mara nane.

Nilipoamka mguu ulikuwa umepotea ndani ya kitu cheupe na kizito, chenye joto kama mkate unaotoka tanurini, kuanzia vidole hadi juu ya goti. Uliuma kwa siku tatu, kisha maumivu yakapungua. Baada ya siku kumi na mbili daktari alitutuma nyumbani, turudi baada ya wiki tano. Alitoa onyo moja. Alilisema kwa Kiswahili chake, Bwana Elisha akalirudia kwa Kijaluo, halafu daktari akalirudia tena akinyoosha kidole: plasta isiguse maji.

Sasa wewe fikiria. Unamwambia mjenzi wa mitumbwi wa Mfangano, mtu ambaye nusu ya maisha yake ni kazi ya kuzuia maji yasiingie mahali, kwamba maji yasiingie.  Tulipofika Sindo, kabla ya kuvuka, baba aliazima mkebe, akawasha moto, akanunua pamba na lami. Alinilaza kwenye nyasi. Alizungushia plasta ile pamba, juu yake vipande vya tanga kuukuu, na juu ya vyote akapaka lami, polepole, akipuliza kila mahali ili joto lisinifikie. Alipitisha kidole kwenye kila ukingo. Alipomaliza, mguu wangu ulikuwa mweusi na unang'aa kama chini ya mtumbwi mpya. Mafundi wa Sindo walikuja kutazama, wakakubali kwamba hakuna tone litakalopita hapo. Mmoja aliugonga kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hii inafika Mwanza."

Nilijiona mkubwa. Tulivuka, mawimbi yakatupiga, nikalowa hadi kifuani, na baba akanitazama kama mtu aliyewashinda wenye shule. Nyumbani watoto walipanga foleni kuugusa. Obondo alisema, "Jana kafi, leo mtumbwi mzima. Kesho utaota injini."

Wiki ya pili mguu ulianza kuwasha. Wiki ya tatu ulikuwa moto ndani, na nilipotikisa vidole nilisikia unyevu. Dani aliniinamia akanusa, akauliza kama kuna samaki amesahauliwa nyumbani. Sikusema kitu. Baba alikuwa ameifanya kazi ile vizuri mno, na sikutaka kuwa mtu wa kusema kwamba inavuja. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na nimelibeba peke yangu muda mrefu.

Wiki ya nne nilipatwa na homa, nikaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Baba alinitia mtumbwini siku hiyo hiyo.

Katika chumba cha hospitali Bwana Elisha alitazama mguu, akamtazama baba, akatazama mguu tena. "Mzee, hii ni nini?"

"Maji hayakuingia," baba alisema. "Hata tone."

Mkasi wa plasta ulikwama kwenye lami. Ikabidi wachukue msumeno wa seremala wa hospitali. Ilipofunguka, harufu iliyotoka ilimfanya mgonjwa wa kitanda cha pili ajifunike blanketi. Mshono ulikuwa umeachana. Ndani mlikuwa na usaha, na ngozi nyeupe iliyolainika kama mhogo ulioloweshwa. Daktari alipangusa, akanusa, akachunguza kwa chuma chembamba. Kisha akasema, na Bwana Elisha akatafsiri kwa sauti ya chini, kwamba maji ya ziwa kweli hayakuingia, lakini jasho halikutoka. Kidonda hupumua. Kama usaha haujafika mfupani, mguu utapona. Kama umefika, watakata.

Sikumwona baba akilia. Niliona tu mikono yake. Aliitazama, akaigeuza, akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa na sukari, na muda wote tuliokaa pale ndani hakuitoa.

Nilichomwa sindano asubuhi na jioni hadi sikujua nikalie upande gani. Daktari alisafisha kidonda tena chini ya dawa ya usingizi, akaweka plasta mpya, na safari hii aliikata tundu la mraba nyuma ya kisigino ili kidonda kionekane na kisafishwe kila siku. Bwana Elisha aliliita dirisha. Baba alisogea, akalitazama dirisha lile kwa huzuni ya fundi. "Mtumbwi wenye dirisha utazama," alisema.

"Mzee," Bwana Elisha akamwambia, "mtumbwi hauna ngozi."

Kwa siku tisa hatukujua. Kila asubuhi daktari alichungulia dirishani, akanusa, akaondoka. Baba alilala chini ya kitanda changu juu ya mkeka, na mchana alikaa nje akiutazama ukuta. Siku ya kumi daktari alichungulia, akanusa, akamwita Bwana Elisha naye anuse. Wakanusa wote wawili, watu wazima, wakiwa wamepiga magoti nyuma ya kisigino changu. Bwana Elisha, ambaye nilikuwa nimemsimulia swali la Dani, akainua kichwa na kusema, "Hakuna samaki."

Mfupa ulikuwa salama.

Daktari hakuishia hapo. Alitoka nje, akamkuta baba ukutani, akamwambia kwamba tangi la maji ya mvua la hospitali linavuja tangu mwaka uliopita, na mafundi watatu wameshindwa. Je, yeye angeweza? Baba alisema mikono yake imeharibu. Daktari akasema, "Mimi pia nimewahi kuharibu," akaondoka. Nikiwa kitandani, kesho yake asubuhi, niliisikia harufu ya lami inachemka nyuma ya jikoni, nikajua kwamba baba ametoa mikono nyuma ya mgongo. Tangi lile lilishika maji. Nilipopita huko miaka mingi baadaye na vyombo vyangu vya kupimia, niliambiwa lilikuwa bado linashika.

Tulikaa huko karibu miezi mitatu. Bwana Elisha alinibeba kwenda kuoga, akanibeba kwenda juani, akanifundisha kuandika kwa Kiingereza jina la kila kitu alichokuwa nacho mkononi. Tulipovuka kurudi nyumbani na plasta ya mwisho, hakukuwa na lami. Obondo alikuja hadi maji yakamfika kifuani, akaniweka mabegani, mguu umenyooshwa mbele juu ya kichwa chake, akatembea juu ya visiki vile vyote akivitafuta kwa vidole vya miguu. Safari hiyo hakutania. Plasta ilifika bila tone moja. Baba alipomtolea senti, aligeuka tena. Na mimi, mjinga wa miaka tisa, nilidhani tena hakuziona.

Plasta ilipotoka, mguu ulikuwa mwembamba kama kuni ya kuwashia, lakini wayo ulikuwa umetazama chini. Niliuweka ardhini. Ardhi ilikuwa baridi, na ilinigusa mahali ambapo haikuwahi kunigusa. Yule nyanya wa jirani aliimba kanisani peke yake, ahadi ni ahadi, na hatukumsikiliza hadi mwisho.

Ngoja niwapeleke mbele hadi mwisho wa miaka ile ya sitini. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwanafunzi wa sekondari Homa Bay, mwenye mapaja ya kupanda vilima na wa kwanza darasani katika hesabu. Likizo ya Desemba nilimwandikia Bwana Elisha barua nikimwalika kisiwani. Akajibu kwamba atakuja, mradi safari isiangukie Jumamosi. Auma, aliyekuwa ameolewa Sindo, alikuwa anakuja na mtoto wake wa kwanza. Baba alienda kuwaleta wote kwa mtumbwi mmoja.

Nilivua shati nikaingia majini kabla yao, nikapita wabebaji, nikasimama mbele ya Obondo.

"We! Unaninyang'anya kazi?"

"Leo tu, baba."

Auma alipanda mgongoni na mtoto wake kifuani. Hatua tano tu akaniinamia sikioni, "Saba mara nane?" Nikamjibu hamsini na sita, na hakunitua. Bwana Elisha alikuwa mzito kama gunia la chumvi, akaomba kwa sauti njia nzima, na nilipomtua mchangani, viatu vyake vikavu, alipiga magoti nyuma yangu mbele ya watu wote, akalishika kovu la kisigino, akalichunguza, akanusa. "Bado hakuna samaki," akasema. Kisha nikamrudia baba. Alisema ana miguu yake na maji anayajua. Nilimgeuzia mgongo nikangoja hadi akachoka kubisha. Mikono iliyonizunguka shingoni ilinukia lami.

Halafu nikamwendea Obondo. "Panda mtumbwini," nikamwambia.

 Mvi zilikuwa zimemwingia. Alitazama ziwa, ambalo halikuwa limerudi kwao. Lilikuwa bado limekalia mashamba, na nyua zake bado ziko chini.  Akapanda. Kisha akakumbuka jambo, akapiga kelele kuelekea nchi kavu, "Naomba viatu! Mimi ni abiria leo!" Bwana Elisha akavua vyake, mtoto mmoja akaogelea navyo vikiwa kichwani. Havikumtosha. Alisukuma vidole ndani, visigino vikabaki nje, akaketi kwenye ubao wa mbele akiwa ameinua miguu kama bwana shauri wa serikali ya wakoloni.

Nilimbeba mabegani. Nilikanyaga kwa mguu wa kushoto kwanza, makusudi, ili kila aliyesema aone. Watu walianza kupiga vigelegele, nami, nakiri, nilikuwa nikijivuna sana kiasi kwamba nusura nikohoe katikati ya maji ili nimrushe roho. Ndipo nilipohisi mikono yake. Ilikuwa imeshika kichwa changu, si masikio, kwa nguvu zake zote.

Mtu yule alikuwa amebeba kisiwa kizima. Alikuwa amebeba mabibi harusi, wagonjwa, masanduku ya maiti, na mimi, mara zisizo na idadi, na kila mara senti za baba zilipotoka alikuwa ameshageuka. Sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu aliyewahi kumbeba yeye. Nilijua jibu katikati ya maji, kwa uzito wake, kwa jinsi alivyokaa bila kujua magoti yake ayaweke wapi.

"Shika vizuri, baba," nikamwambia.

 Alikuwa amegeuza uso huku na huku, akitazama nyumba, kilima cha shule, na sisi sote tuliokuwa chini yake.

"Kumbe," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo ufukwe haukuwahi kuisikia kwake, "ukiwa huku juu unaona mpaka kwetu."

Nilimtua mchangani na viatu vikavu.